Tumbili amemng'ata mwanangu, baba yake ataka kutia sumu. Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, tumepanga nyumba Diani upande wa msitu, huu mwaka wa pili. Tumbili (au ni nyani wadogo, sijui) wametusumbua tangu tuhamie, lakini kuna dume mmoja mwenye mkia uliokatika ambaye sasa hatuogopi kabisa. Huingia jikoni nami nimo. Juzi alimrukia mwanangu wa miaka 6 akimnyang'anya hamri, akamkwaruza mkono na kumng'ata kidole, damu ikatoka. Nilimpaka mafuta ya taa. Baba yake ataka kutia sumu kwenye ndizi tumalize kazi. Jirani yetu, bibi mtu mzima anayeishi peke yake, huwalisha mkate na ndizi kila alasiri, asema ni sadaka. Mwenye nyumba asema tuzoee. Nifanyeje? – Mama Zuhura

JIBU: Marahaba, Mama Zuhura. Tumbili atangoja. Tuanze na kidole cha mtoto, maana katika barua yako yote hapo ndipo niliposhtuka.

Mafuta ya taa hayana kazi kwenye jeraha zaidi ya kuunguza nyama. Wala kahawa, wala majivu, wala dawa ya meno. Jeraha la jino la mnyama dawa yake ya kwanza ni maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa saa ya ukutani, si kwa kukisia. Dakika 15 ni ndefu mno mtoto akiwa analia, kwa hiyo mtu mmoja amimine maji kwa kata na mwingine aendelee kutoa povu. Siku mbili zimepita, najua. Kuosha tena leo si kosa, lakini la maana zaidi ni kumpeleka hospitali leo hii, usingoje Jumatatu. Na ukifika useme waziwazi: ameng'atwa na tumbili, ngozi imechanika, damu imetoka. Usiseme "amekwaruzwa kidogo", kwa kuwa ukisema hivyo utapewa dawa ya kupaka na kurudishwa nyumbani.

Daktari ataangalia mambo matatu. La kwanza ni pepopunda. La pili ni usaha: kidole ni mahali pabaya pa kung'atwa, mfupa na kano viko karibu na ngozi, na jino la tumbili ni jembamba kama sindano, linaacha tundu dogo juu na uchafu mwingi chini. Kidole kikivimba, kikiwa chekundu na mtoto akashindwa kukikunja, hata kama ni usiku wa manane mrudishe. La tatu ni kichaa cha mbwa.

Hapo watu hushangaa, kwani mbwa yuko wapi? Ni kweli kwamba karibu visa vyote vya binadamu, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa, na tumbili mwenye kichaa ni nadra. Lakini mnyama yeyote mwenye kunyonyesha anaweza kuubeba ugonjwa huu, na dalili zikishaanza hakuna tiba, mtu hufa. Kwa jambo la namna hiyo hatuchezi bahati nasibu. Akiamua kumchanja, chanjo huanza siku ileile na huendelea kwa sindano kadhaa zenye tarehe zake, na kwa jeraha lililotoa damu anaweza kuongeza dawa ya kinga inayodungwa kuzunguka jeraha lenyewe. Kadi ya tarehe ibandike kwenye mlango wa friji. Nimeona wazazi wengi wakipeleka mara mbili, wakaona mtoto anacheza kandanda, wakaacha.

Jambo moja likutue. Ukitafuta kwenye simu utakutana na kirusi cha kutisha cha kima kiitwacho B, kinachoingia ubongoni. Kirusi hicho makazi yake ni kima wa jamii ya macaque, wa Asia. Tumbili na kima wa Kwale si jamii hiyo. Hofu yako iweke kwenye mambo matatu niliyotaja.

Sasa tuje kwa mwenye mkia uliokatika.

Umeuliza kama ni tumbili au nyani wadogo. Swali hilo si dogo, kwani kule Diani wako wanne na kila mmoja ana tabia zake. Nyani ni mkubwa, anatembea chini kama mbwa, dume hufika kilo 25 na ana meno marefu ya kuogopwa. Tumbili, ambaye wengine humwita ngedere, ni wa kijivu, uso mweusi uliozungukwa na manyoya meupe, na dume wake mkubwa kwa kawaida hazidi kilo 8. Dume lake, samahani kwa kusema wazi, hutambulika kwa korodani za rangi ya buluu, huwezi kukosea. Kima ni mnene kidogo, manyoya yake yanaingia weusi na kahawia, shingoni ana weupe kama kanzu iliyofungwa kifungo cha juu. Naye ni mwizi hodari wa jikoni. Wa nne ni mbega, mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani. Huyo msimguse hata kwa neno. Mbega hula majani, haibi mkate wa mtu, na tumbo lake limeumbwa kwa majani hata ukimlisha ndizi unamtia maradhi. Kwa udogo uliousema, huyo wako yaelekea ni tumbili. Nafuu kwenu, maana mambo nitakayokwambia yangekuwa magumu mara tatu kama angekuwa nyani dume.

Tumbili dume huzaliwa kwenye kundi la mama yake na akikomaa, akiwa na umri wa miaka mitano hivi, huliacha na kwenda kujiunga na kundi jingine. Majike hubaki. Huko ugenini hana shangazi wala dada wa kumtetea, hupigana, huumia, na huenda ndiko alikoachia kipande cha mkia. Mnyama wa namna hiyo hutafuta chakula cha haraka chenye shibe nyingi. Msituni ataokota tunda moja hapa, mdudu mmoja pale, utomvu wa mgunga kama upo, na siku nzima imekwisha. Hamri moja, unga na nazi na sukari na mafuta, ni kazi ya asubuhi nzima aliyoimaliza kwa dakika moja. Mimi pia ningekuja.

Lakini kuiba ni jambo moja na kumrukia mtoto ni jambo jingine, na katikati yake kuna ngazi ambazo amezipanda moja moja mkiwa mnatazama. Kwanza hungoja mtu aondoke. Baadaye hungoja mtu ageuze mgongo. Baadaye huja mtu akiwepo, akikimbizwa anakimbia. Kisha siku moja mtu, kwa kuogopa, anamtupia mkate ili aende zake. Siku hiyo amefuzu. Amejua kwamba chakula hakiko mezani, kiko mikononi mwa watu, na kwamba watu wakitishwa hukiachia. Tena huchagua. Wanawake wengi wa Kwale na Taita wanaolinda mashamba watakuambia: baba akipita, tumbili hupanda mti, mama akipita, hukaa pale pale akimtazama, mtoto akipita, humfuata.

Simlaumu mtu. Nyani haoni kundule, nasi hatuoni yetu. Ila nataka ujue kwamba ukali huu ni somo alilofundishwa, na mwalimu hakuwa mmoja.

Kabla hujanunua hata msumari, nunua daftari la shilingi ishirini. Kwa wiki moja andika: saa ngapi amekuja, amepita wapi, amegusa nini, amepata nini. Utaniona mzee wa makaratasi, lakini nikupe mfano. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye nyumba moja ya wageni ufukweni, huko huko Kwale. Wenyewe waliniambia, "Hawa wanaingia popote, daktari, hata tufunge nini." Alfajiri nikakaa jikoni, taa nimezima, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Kama saa kumi na mbili na nusu dume mmoja akashuka kwenye mkungu, akatembea juu ya ukuta bila haraka, mkia juu. Akafika dirisha la kwanza akalivuta kwa vidole viwili, kama fundi anayepima kitambaa. Limefungwa. La pili vivyo hivyo. Akaruka la tatu, kumbe anajua halina kitu nyuma yake, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa wavu. Hakuuvuta juu penye komeo. Aliuvuta chini, kwenye pembe, mahali ambapo mbao imepinda kwa unyevu, ukaachia uwazi wa upana wa kiganja. Akaingiza mkono mpaka begani na kupapasa kwenye pipa, huku uso ameugeuzia uani analinda. Akatoa maganda mawili ya yai na kipande cha chapati. Kesho yake hakujaribu dirisha lolote. Alikwenda mlangoni.

Nyumba ile ilikuwa na matundu saba ya kuingilia. Lililotumika lilikuwa moja, na tiba yake ilikuwa komeo la pili upande wa chini na pipa kuhamishwa hatua tatu.

Huenda kwako si moja. Ukiwa na madirisha ya luva, vile vioo vya kupachika, angalia kama vinachomoka; tumbili hujifunza kuvichomoa kimoja kimoja na kuviweka chini, au kuvivunja. Wavu wa mbu haumzuii, anauchana kwa kucha. Mwite fundi wa kuchomelea akupimie weldimeshi, ule wavu mgumu wa chuma, yenye matundu ya inchi moja, iwekwe kwa ndani ya fremu ili asiweze kuing'oa kwa kuvuta. Anza na jikoni tu. Gharama hii ni ya mwenye nyumba, na kama atasema tena "mzoee", mwonyeshe kadi ya hospitali ya mtoto na umwombe akubali kwa maandishi mpunguze gharama hiyo kwenye kodi. Wenye nyumba wengi hulainika wakiona karatasi.

Pipa la taka liwe na kifuniko kinachobana. Kwa tumbili, mpira wa tyubu ya baiskeli uliopitishwa juu ya kifuniko na kufungwa kwenye mikono miwili ya pipa unatosha, nyani angeucheka. Taka zisitolewe jioni zikalala nje. Zitoke asubuhi ya gari la taka, na kama gari halina siku maalumu, maganda ya matunda na mabaki ya wali vifukiwe. Vyombo visilowekwe uani na ukoko ndani. Chakula cha kuku na cha paka kiwekwe kwa muda na kiondolewe. Kapu la matunda lisikae mahali linapoonekana kutoka dirishani, maana tumbili hutumia macho kwanza, pua baadaye. Na watoto wasile wakizunguka uani. Hili la mwisho ndilo gumu, nami nina wajukuu, najua. Lakini hamri iliwe ndani, mkono unawe, ndipo mtoto atoke kucheza.

Kama mna mwembe uani, msiukate. Kata matawi yanayogusa paa na yale yanayokaribia, acha nafasi ya hatua nne hivi, maana hawa ni warukaji. Maembe yaliyokomaa yaangueni yakaivie ndani, na yaliyodondoka yaokotwe kila asubuhi kabla jua halijapanda.

Sasa jambo ambalo watu hawaambiwi, na ndiyo sababu wengi hukata tamaa. Ukiziba kila kitu leo, kesho atakuwa mbaya zaidi. Atatingisha madirisha, atapiga paa, atakukemea kwa meno, anaweza kufanya hivyo wiki moja au mbili. Ni kama mtu aliyezoea kubeti: mashine iliyomlipa jana haijamlipa leo, haondoki, anaipiga ngumi. Hapo ndipo mtu huchoka na kusema "mpeni tu ndizi moja aondoke." Ukimfungia siku sita ukamwachia siku ya saba, hukumfukuza, umemfundisha kusubiri siku sita. Afadhali usianze kabisa kuliko kuanza nusu nusu. Kaeni kikao cha familia, na dada wa kazi kama mnaye awemo, mkubaliane.

Mkikutana naye uso kwa uso, nataka watoto wote wajue mambo machache tu, na muwazoeshe kama mchezo sebuleni. Kwanza, usimtazame machoni. Kwetu kumtazama mtu ni kumsikiliza. Kwake ni kumwita uwanjani. Pili, usimwonyeshe meno. Mtoto anapocheka kwa woga huku amemkodolea macho, katika lugha ya tumbili amemtukana mara mbili. Tatu, usikimbie. Geuka ubavu, rudi nyuma taratibu, mtoto awe nyuma ya mtu mzima. Nne, ukishika chakula na amekikamata, achia. Najua nimesema hapo juu kwamba kuachia kunamfundisha. Ndiyo, kunamfundisha, lakini kidole cha mtoto ni ghali kuliko somo. Mtu mzima asiyeshika chakula ndiye wa kusimama imara.

Utamjua anapotaka kuvuka mpaka. Huinamisha kichwa na kukiinua, hufungua kinywa, na huvuta nyusi juu hadi kope zake, ambazo ni nyeupe kuliko uso, zikaonekana kama taa inayowaka na kuzima. Hapo bado anasema. Ukiona hivyo, mpe njia.

Neno hili la njia lishike sana. Katika watu niliowaona wakiwa wameng'atwa, wengi walikuwa wamefunga mlango. Wanamkuta jikoni, wanafunga ili "wamkomeshe", au wanasimama mlangoni na ufagio. Mnyama wa kilo sita aliyezibiwa njia anageuka mnyama mwingine. Ukimkuta ndani, fungua mlango wa nje wote, toka kwenye usawa wake, simama upande wa ndani wa nyumba, kisha piga sufuria na mwiko kwa nguvu. Atatoka alikoingilia. Uani, mpira wa maji ni silaha nzuri kuliko jiwe: haumuumizi, hapendi kulowa, na mtoto wa jirani hapasuliwi kichwa. Kombora la manati likimkosa yeye litampata mtu, na likimpata atakuwa na kidonda na hasira, na bado atarudi kula. Mbwa nao msimlete kwa kazi hii. Tumbili hupanda mti na kumtukana kutoka juu, na akikamatwa chini humpasua mbwa shavu. Mkiongeza na mbwa asiyechanjwa, mmejitengenezea ile hatari ya kichaa ambayo sasa ni ndogo.

Nyoka wa plastiki na sidi za kung'aa mnaweza kujaribu, zinafaa siku tatu nne. Hawa si wajinga. Watafiti waliowasikiliza tumbili wa Amboseli walitangaza mwaka 1980 kwamba wana mlio mmoja wa chui, mwingine wa tai, mwingine wa nyoka, na kila mlio una namna yake ya kukimbia. Kiumbe anayepanga maneno hivyo atagundua kwamba nyoka wako hajasogea tangu Jumanne.

Nije kwa Baba Zuhura, na namwomba asome mwenyewe. Nakuelewa. Mtoto wako ametoka damu, na mwanamume aliye na mtoto mwenye damu hataki mhadhara. Lakini ndizi yenye sumu haina anwani. Kabla ya dume huyo itaweza kuliwa na tumbili mama mwenye mtoto aliyemng'ang'ania kifuani, na mbega, na paka wa bibi jirani. Mzoga ataula mbwa, naye atakufia barazani pako. Na mtoto wa miaka 6 anayependa ndizi anaishi nyumba ipi? Pili, ni kosa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haikuruhusu kuua mnyamapori kwa sumu kwa sababu amekuudhi, na uchungu wa mzazi hautakuwa utetezi mahakamani. Tatu, hata ukifaulu, hujamaliza. Dume akiondoka nafasi yake ni wazi, na nimekwambia madume hawa ni wahamaji. Mwezi haupiti utakuwa na mwingine, mwenye mkia mzima, na jikoni ni lile lile.

Kwa sababu hiyo hiyo msiwashinikize KWS, shirika la serikali la wanyamapori, waje wamkamate na kumpeleka "porini". Porini kuna wenyewe. Kuhamisha nyani na tumbili kunawezekana, na Kenya tuna mfano wa kujivunia: mtafiti Shirley Strum, aliyewafuatilia nyani wa Gilgil tangu 1972, aliwahamishia Laikipia mwaka 1984 walipogombana na wakulima. Lakini alihamisha makundi mazima, pamoja na mabibi na vitoto vyao, baada ya miaka ya kuwajua mmoja mmoja, na alijua kule waendako kuna maji na chakula gani. Kumtupa dume mmoja kwenye msitu asioujua ni kumtafutia kifo, au kumpelekea mama mwingine tatizo lako.

KWS hata hivyo waarifuni, kwa sababu mtu ameumia. Ripoti ya maandishi kwenye kituo chao cha Kwale, pamoja na nakala ya karatasi za hospitali na daftari lako la wiki moja, ina uzito kuliko simu kumi za hasira. Mnyama aliyekwisha kung'ata watu na asiyezuilika, ni wao wenye mamlaka ya kuamua la kumfanya. Fidia msiitegemee. Orodha ya wanyama wanaolipiwa ina tembo, simba, chui, fisi, mamba, nyati na wenzao, tumbili hayumo. Mkimkuta aliyeumia, aliyegongwa au aliyepigwa na umeme, hapo Diani kuna shirika la Colobus Conservation, wako tangu 1997, ndio waliotundika zile ngazi za kamba mnazoziona juu ya barabara. Hata kama hamna majeruhi, waombeni ushauri waje waione nyumba. Macho yao yatakiona kitundu ambacho mimi kutoka huku siwezi kukiona.

Limebaki la bibi jirani, na nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo zito. Mkifunga nyumba yenu kama benki na yeye akaendelea kugawa mkate kila alasiri, kundi zima litaendelea kukaa pale, na katikati ya alasiri mbili watapitia kwenu. Bibi hana nia mbaya. Mtu anayeishi peke yake anapata wageni thelathini saa kumi kila siku, wanamjua, wanamsubiri, na juu ya hayo ana thawabu. Ukimwendea na maneno ya "wewe ndiye unayetuletea maafa" utakuwa umemvunjia heshima na kumnyima wageni wake kwa mkupuo mmoja. Msilipeleke kwenye kikao cha wakazi pia, angalau si kwanza. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Nusu ya waliohudhuria hulisha kwa siri, na nusu nyingine wanaacha mapipa wazi. Kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Mwambieni ukweli wa sadaka yake. Anachokitoa kinawaumiza wale anaowapenda: mkate na sukari huwaozesha meno, huwafanya wazaane kuliko msitu unavyoweza kuwalisha, na huwaleta barabarani ambako magari huwasaga na nyaya za umeme zisizofunikwa huwachoma. Mji wa Lopburi nchini Thailand uliwalisha kima kwa miaka, watalii wakija kwa ajili hiyo. Corona ilipozuia watalii mwaka 2020 kima walimwagika barabarani wakipigana kwa mamia kugombea chakula, na kufikia 2024 serikali ilikuwa inawakamata na kuwafungia vizimbani. Mwombeni naye asimame siku moja na nyinyi, siku ile ile fundi atakapomaliza wavu, na mumwambie mapema kwamba watamfokea wiki mbili na si kwamba wamemchukia. Na msimwache mikono mitupu. Anaijua hadithi ya aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu. Basi aweke bakuli la maji la ndege, mbali na nyumba, kiangazi kikikaza. Apande miti ya asili kwenye uwanja wake. Na ule mkate aliokuwa akiugawa, mtumeni Zuhura alasiri moja moja akakae naye, wale pamoja, mlango umefungwa.

Nenda na mumeo. Nendeni asubuhi, kabla bibi hajatoka kununua ndizi.